Nasaba ya ukoo kwa jamaa walio mbali: niwafikishie kwa njia gani?

Mjukuu wa Kibokoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa miaka sita nimekuwa nikikusanya nasaba ya ukoo wetu, nikianzia na daftari la marehemu babu na kuwahoji wazee wa Mombasa na Unguja, hata nimefikia watu mia tatu na ushee katika vizazi saba. Baadhi ya milango ya ukoo ilihama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na jamaa walioko Maskati na London wananiomba niiweke kazi hii mtandaoni, waione na kuisahihisha. Nilipotuma picha za kurasa katika kundi letu la WhatsApp, siku ya pili zilikuwa zimefika kwa watu nisiowajua, pamoja na tarehe za kuzaliwa za watoto wetu wadogo. Nifanyeje? Tena daftari linasema kwamba mama yake babu wa babu alikuwa suria, yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake, na jamaa wengine wanataka mstari huo ufutwe.

Karani
Ndugu, achana na picha, kwa sababu ikishatoka mkononi hairudi wala haisahihishiki. Ingiza majina katika programu ya nasaba inayotoa faili la GEDCOM, mfumo uliobuniwa miaka ya 1980 ambao karibu programu zote za kazi hii huusoma, ili usifungwe na kampuni moja. Unapotoa faili la kugawa, chagua kuwaacha nje walio hai. FamilySearch, tovuti ya nasaba, haina malipo, lakini mti wake wa ukoo ni mmoja kwa watu wote, na aliyejisajili anaweza kubadilisha habari za marehemu wako bila kukuuliza. Kwa hali yako, afadhali mti wa faragha ambao mtu huuingia kwa mwaliko: wengi wasome tu, na kila mlango uwe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusahihisha. Wazee wasiotumia simu wachapishie karatasi.

Bint Pemba
Naongeza jambo la majina, ambalo limewaharibia wengi kazi. Programu hizi hudai jina la ukoo kwa desturi ya Kizungu, na mtu akijaza jina la babu ili kuziba nafasi, baba na mwanawe huonekana kama watu wa koo mbili. Andika ubini kamili, Salim bin Ali bin Salim, na nafasi ile iache wazi isipokuwa kwa wenye nisba, yaani jina la ukoo, inayojulikana, kama Mazrui. Tarehe za Hijria nazo ziandike kama zilivyo, kisha makisio pembeni: mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka huo huenda ni wa 1883. Mzee wa miaka sitini kwa Hijria ana takriban hamsini na minane kwa kalenda ya kizungu.

Mzee wa Malindi
Mwanangu, mstari ule usiufute. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni muungwana na hurithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Watoto wa Sayyid Said waliotawala Unguja baada yake, akiwemo Sayyid Barghash, walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewanyima kiti kwa ajili hiyo. Ukimfuta bibi huyo, mwanawe anabaki hana mama. Hata hivyo usilirushe jambo hili mtandaoni kwanza. Wapigie simu wakubwa wa kila mlango, walisikie kwa mdomo wako. Ama siri za walio hai, kama ndoa za kando na watoto wasiotajwa, hizo ulipewa kwa amana na hazina nafasi katika mti.

Mjukuu wa Kibokoni
Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee wangu. Nimeanza kuhamisha majina kwenye mti wa faragha, na shangazi yangu wa Maskati amekubali kusimamia mlango wao. Jana usiku nilizungumza naye habari za yule bibi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jina lake. Daftari limeandika Zafarani tu, bila jina la baba. Nitaliingiza vivyo hivyo, na pahali pa ubini nitapaacha wazi.