Tunahamia Ujerumani na watoto watatu: shule tuchague vipi, na wa kwanza tumwache kwa bibi?

Baba_Watatu
Habarini wakuu. Mke wangu ni nesi, amepata kazi hospitali moja Dortmund, na mimi na watoto tutamfuata viza zikitoka. Wa kwanza ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Wa pili ana 8, yuko darasa la pili. Wa mwisho ana 4. Kijerumani hawajui hata salamu.

Nyumbani maneno ni mengi. Mama mkwe anataka wa kwanza abaki naye Morogoro mpaka amalize kidato cha nne. Shemeji anasema waende wote ila wasome shule ya kimataifa kwa Kiingereza. Shule tuliyoiulizia, ada inapita euro 15,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na mshahara wa nesi haubebi mzigo huo. Mimi nataka familia ikae pamoja, lakini naogopa mtoto mwenye akili asije akaporomoka kwa sababu ya lugha tu. Naombeni ushauri, hasa mliopitia.

Mama_Ruhr
Hongereni sana kaka. Hilo la shule ya kimataifa liwekeni pembeni. Shule za serikali huku hazina ada, na hao wote watatu wako kwenye umri wa kuishika lugha. Halafu jua kwamba kusoma shuleni ni lazima kisheria, kumfundishia mtoto nyumbani hairuhusiwi.

Mkifika, kwanza mnaandikisha makazi manispaa. Kisha ulizieni Kommunales Integrationszentrum, ndiyo ofisi inayoshughulika na watoto wanaotoka nje bila Kijerumani. Wanakaa na mzazi, wanaangalia mtoto alikofikia, wanamwelekeza shule yenye nafasi. Bebeni ripoti za shule zikiwa zimetafsiriwa, na tafadhali bebeni kadi za kliniki. Tangu Machi 2020 mtoto haanzi chekechea bila uthibitisho wa chanjo ya surua, na shuleni pia mnadaiwa. Kwetu wanachanjwa wakiwa na miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo hakikisha dozi zote mbili zimeandikwa na tarehe zinasomeka. Hii itafuteni sasa hivi mkiwa bado Morogoro.

Kidagaa88
Naungana na bibi. Kijana wa miaka 13 anayeongoza darasa ukimpeleka mahali asipoelewa neno, anavunjika moyo. Amalize kidato cha nne, aende na cheti mkononi.

Mjomba_Essen
Kidagaa, nakuelewa lakini hapana. Akimaliza kidato cha nne atakuwa na miaka 16 au 17. Mtoto akishafika 16 na hasafiri pamoja na wazazi, sheria ya viza inaweza kumdai Kijerumani cha kiwango cha juu kabla hajaondoka. Hata akipata viza, umri huo anapelekwa kwenye madarasa ya vijana wageni katika vyuo vya ufundi, hana tena muda wa kupanda taratibu. Wa miaka 13 bado ana muda huo. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, ambako Dortmund iko, anaweza kupewa hadi miaka miwili ya kufundishwa Kijerumani huku akiingia vipindi vya kawaida kidogo kidogo.

Na akili yake haipotei. Nimewasaidia watoto kadhaa wa Kitanzania hesabu hapa kanisani, na kinachowakwaza wiki za mwanzo ni maandishi. Kugawanya wanaandika 12 : 4, kuzidisha wanaweka nukta katikati, na tatu na nusu ni 3,5 kwa mkato. Mtoto anajua jibu ila anadhani ameulizwa swali lingine. Mwonyeshe hayo mapema, na mwambie alama 1 ndiyo ya juu, 6 ndiyo ya chini kabisa.

Kaka, mimi wasiwasi wangu uko kwa huyu wa miaka 8. Mwisho wa darasa la nne watoto hugawanywa: Gymnasium (ya kuelekea chuo kikuu), Realschule (ya kati), Hauptschule (ya kuelekea ufundi) au Gesamtschule (inayochanganya watoto wa njia zote). Mwalimu anaandika pendekezo, na mtoto ambaye lugha haijakaa anaweza kupendekezewa chini ya uwezo wake. Ombeni aanzie la pili, asirushwe la tatu. Na pendekezo hilo hapo Dortmund halimfungi mzazi, neno la mwisho ni lenu. Ningekuwa wewe ningetafuta Gesamtschule kwa wote wawili, kwa sababu mlango wa kufika Abitur, mtihani wa kuingilia chuo kikuu, unabaki wazi bila kuhama shule mapema.

Baba_Watatu
Mjomba, la darasa la nne sikulijua kabisa, asante sana. Wa kwanza tunaondoka naye, nitaongea na mama mkwe kwa heshima. Je, huyu mdogo? Na nyumba tupange karibu na shule au karibu na hospitali?

Mama_Ruhr
Mdogo anaenda Kita, yaani chekechea. Nafasi ni za kugombania, ombeni kupitia tovuti ya manispaa mara mkipata anwani. Miaka miwili ya mwisho kabla ya la kwanza haina ada katika jimbo hilo, ila chakula mnalipia.

Nyumba pangeni karibu na shule ya msingi. Zamu ya asubuhi ya mkeo itaanza kwenye saa kumi na mbili, kwa hiyo wa kuwapeleka ni wewe, na masomo ya la pili mara nyingi yanaisha kabla ya saa saba mchana. Wewe ukianza kazi au kozi ya lugha, nani atampokea? Siku unayomwandikisha omba hapohapo nafasi ya Offener Ganztag, ambako watoto wanakula na kusimamiwa hadi saa kumi hivi. Haki ya kisheria ya nafasi hiyo inaanzia Agosti 2026 kwa watoto wa darasa la kwanza tu, wako wa la pili haimgusi, kwa hiyo mkiambiwa kuna orodha ya kusubiri, mwandikisheni na muwe mnaulizia.