Fomu za Windows: nafasi za pikseli, Anchor, TableLayoutPanel au WPF?

Mwanzisha mada (Moshi)
Ndugu wanajukwaa, ninatengeneza kwa Windows Forms (zana ya Microsoft ya kuunda madirisha ya programu) programu ya mapokezi ya kahawa kwa chama cha msingi. Fomu ya karani wa mizani ina jina la mkulima, namba ya uanachama, daraja, kilo na vitufe vitatu chini, vyote vikiwa vimewekwa kwa pikseli. Kwenye skrini yangu ya 1920 kwa 1080 inakaa vizuri, lakini kwenye kompyuta mpakato ya chama, yenye 1366 kwa 768, vitufe havionekani. Nitumie Anchor (kufunga kitu kwenye kingo za dirisha) na Dock (kukibandika upande mmoja au kukifanya kijaze nafasi), nihamie TableLayoutPanel (paneli inayopanga vitu kama jedwali), au niandike upya kwa WPF, zana nyingine ya Microsoft ya kuunda madirisha?

Mjumbe (Njiro, Arusha)
Kabla ya kuchagua, angalia kiwango cha ukuzaji cha Windows, yaani asilimia ambayo maandishi na vitu hukuzwa kwenye skrini, kwenye mashine hiyo. Kikiwa asilimia 125, skrini ya 1366 kwa 768 inabaki na nafasi ya takriban 1093 kwa 614 tu kwa fomu iliyosanifiwa kwenye asilimia 100, na upau wa kazi bado haujachukua sehemu yake. Fomu yenye urefu wa pikseli 700 haitaingia hapo kwa njia yoyote kati ya hizo ulizotaja.

Mjumbe (Usa River)
Anchor inafaa pale kisanduku kimoja kinapotanuka peke yake. Ukiweka visanduku viwili kwenye mstari mmoja na kuvifunga vyote kushoto na kulia, kila kimoja kitaongezeka kwa upana wote ulioongezwa kwenye dirisha, na mwishowe kimoja kitapanda juu ya kingine. Hapo ndipo TableLayoutPanel, iliyokuja na .NET 2.0 (jukwaa la Microsoft ambalo Windows Forms ni sehemu yake) mwaka 2005, inapoishinda: safu wima ya lebo iwe AutoSize (ijipime kwa urefu wa maandishi), safu wima ya visanduku iwe asilimia 100 (ichukue upana wote unaobaki), na lebo ikirefuka visanduku vitasogea vyenyewe. Usirundike tu jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, kwa sababu fomu itachelewa kujichora.

Mjumbe (Moshi)
WPF hupima kwa sehemu ya 1/96 ya inchi badala ya pikseli halisi, na gridi yake ni bora kuliko zote zilizotajwa. Hata hivyo, kuandika upya mfumo unaofanya kazi, tena msimu wa kahawa ukikaribia, kwa ajili ya vitufe vitatu, kwangu ni gharama isiyo na sababu.

Mwanzisha mada
Nimeangalia, ni asilimia 125 kweli. Basi vitufe nivifanyeje?

Mjumbe (Usa River)
Viweke kwenye paneli yao yenye Dock ya Bottom (ibandikwe chini). Jedwali liwe ndani ya paneli ya pili yenye Dock ya Fill (ijaze nafasi inayobaki) na AutoScroll (upau wa kusogeza ujitokeze wenyewe), ili skrini ikiwa fupi visogezwe visanduku na vitufe vibaki mbele ya karani. Paneli ya Fill uilete mbele kwa amri ya Bring to Front, la sivyo sehemu yake ya chini itafichwa na paneli ya vitufe.