"Prescribe" na "proscribe" si neno moja: acheni kutuandikia kanuni kinyume

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na miongozo ya kazi inayoandikwa na watu wasiotaka kufungua kamusi. Mbele yangu upo mwongozo wa maabara, wa Kiingereza, wenye orodha ndefu ya kemikali chini ya kichwa "Prescribed Substances". Kwa Kiingereza kinachoeleweka, hizo ndizo kemikali tulizoelekezwa kuzitumia; kumbe mwandishi alikusudia "proscribed", yaani zilizopigwa marufuku! Nilipohoji, nikajibiwa kwamba ni herufi tu na kwamba "inaeleweka". Inaelewekaje, ikiwa mgeni anayeufuata mwongozo huo neno kwa neno atamimina kilekile alichokatazwa kukigusa?

"Prescribe" ni kuagiza au kuelekeza, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa dawa, au sheria inavyoweka adhabu ya kosa. "Proscribe" ni kukataza kabisa. Yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini "scribere", kuandika, ila hili la pili lilikuwa na maana ya kutangaza kwa maandishi hadharani, na tangazo lenyewe halikuwa la heri. Mwaka 82 KK, Sulla, jemadari wa Kirumi, alibandika mjini Roma orodha za maadui zake, na aliyetajwa humo aliweza kuuawa bila muuaji kushtakiwa, kisha mali yake ikataifishwa. Mwaka 43 KK Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, naye aliuawa baada ya jina lake kuingizwa katika orodha ya namna hiyo. Hadi leo Uingereza hulitumia neno hilohilo kwa makundi yaliyopigwa marufuku chini ya sheria yake ya ugaidi ya mwaka 2000. Neno lenye damu kiasi hicho mtu analibadilisha na la cheti cha dawa, halafu anasema ni herufi tu.

Programu ya kukagua tahajia haisaidii hapa, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi na yote yanakaa sawa katika sentensi. Hata sikio hudanganyika, maana mkazo uko kwenye silabi ya pili, na ile ya kwanza, ambayo ndiyo yenye tofauti, humezwa kirahisi.

Anayeona tabu kuyatenganisha aandike "banned", ambalo kila msomaji analijua. Na mwongozo huo urekebishwe kabla hajakabidhiwa mtu mwingine yeyote.