Upanga wa kale wa Kichina, nitajuaje ni wa enzi gani?

Kijana_wa_Makorora: Wakuu habari zenu, niko Leeds huku Uingereza, jirani yangu mzee kafariki na wanawe wakanipa upanga wa Kichina, wanasema babu yao alikuwa baharia akaja nao toka Shanghai. Umenyooka, una makali pande zote mbili, kuna vidoti saba vya shaba vimepachikwa kwenye bamba na herufi mbili karibu na mpini, ala imevikwa gamba la ng'amba. Umeshika kutu kiasi, nataka niupige msasa kwanza halafu nianze kuuchunguza, mnaonaje?

FundiVyuma: Ndugu yangu nakuomba usiupige msasa! Utachuna chuma cha zamani na alama zote unazozitafuta, paka mafuta mepesi tu. Huo ni jian, wenye makali upande mmoja ndo dao. Enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, mafundi wengi walikuwa wanaweka chuma kigumu katikati na chuma laini ubavuni, sasa ulaze karibu na dirisha uugeuzegeuze taratibu, ukiona mstari unatambaa sambamba na makali ujue ndo chuma hizo mbili zimekutana. Kisha angalia kitako cha mpini, ya zamani mkia wa bamba unapita ndani hadi nje halafu unagongwa ukafura, ukikuta nati ya kisasa tia shaka.

Bi_Shamsa: Herufi hizo huenda ni Longquan, mji wa Zhejiang uliosifika kwa mapanga, na vidoti ni nyota saba za kaskazini. Ila jina hilo liliandikwa hata na mafundi wa kwingine kwa hiyo peke yake si ushahidi. Jian za ala ya ng'amba au ngozi ya samaki taa ziliuzwa sana kwa wageni miaka ya mwisho ya Qing na baada ya 1912, habari ya baharia inaingia akilini kabisa. Na ng'amba analindwa na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, usiuuze wala kuutuma nje kabla hujaulizia kibali.

Kijana_wa_Makorora: Asanteni sana, mstari nimeuona na nati hakuna!! Niupeleke wapi sasa?

FundiVyuma: Safi sana! Si uko Leeds, Royal Armouries, makumbusho ya silaha, ipo hapohapo na wana upanga wa enzi za mfalme Yongle wa China, mwanzoni mwa miaka ya 1400, waandikie uwatumie picha za herufi, kitako na ala. Pima pia unene wa bamba karibu na mpini, katikati na karibu na ncha, za kupigania hupungua unene kuelekea nchani, za mapambo mara nyingi ziko sawa mwanzo mwisho. Vipimo hivyo tuwekee na hapa.