Nina cheti cha Kifaransa, DELF B2, mkononi, chuo kinaniambia nikakae darasani nifundishwe "je m'appelle". NIMECHOKA

Wakuu habari za jioni. Niko nyumbani Kigoma, Mwanga, tumefunga semista ya kwanza na badala ya kupumzika nimekaa na barua ya chuo mkononi tangu juzi naisoma naiweka naisoma tena. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mikopo, hili ni jambo lingine kabisa.

Nasoma utalii, mwaka wa pili, chuo sikitaji maana bado nakihitaji. Kwenye digrii yetu kuna kozi mbili za Kifaransa za lazima, ya kuanzia na ya kuendelea, kila moja krediti 12. Krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi, kwa hiyo hizo mbili ni saa 240. Saa 240 za kujifunza kitu ambacho ninacho tayari na nina cheti chake!

Kifaransa sikukiokota kwenye TikTok. Mama yangu anafanya biashara Kibirizi, anapeleka na kupokea mzigo na watu wa Kalemie na Uvira, na kabla hamjaniambia Wakongo wale wanaongea Kiswahili, najua, nimekua nao. Kuongea wanaongea Kiswahili ila karatasi zao zote ni Kifaransa. Risiti, barua za forodha, mikataba, kila kitu. Mama alishawahi kusaini karatasi asiyoielewa akapoteza mzigo mzima wa vitenge, nikiwa form two, na kuanzia siku ile nikasema hiyo lugha lazima niijue. Kulikuwa na mzee mmoja Mrundi pale Katubuka, zamani alikuwa mwalimu wa sekondari Bujumbura, akawa anatufundisha watu wanne sebuleni kwake jioni, anatusomea magazeti ya zamani kwa sauti na ukikosea kutamka hasogei, mnarudia sentensi ileile mpaka taa ya chemli inaishiwa mafuta. Miaka minne hiyo.

Mwaka jana mama akauza madumu ya mawese akanipa hela nikapanda treni siku mbili mpaka Dar kufanya DELF, ngazi ya B2. Kwa wasioijua, ule ni mtihani wa serikali ya Ufaransa, ngazi ya nne kati ya sita za lugha Ulaya. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila sehemu maksi 25, unatakiwa upate 50 kwa jumla na ukipata chini ya 5 sehemu yoyote umeanguka hata kama kwingine umepasua. Kuandika ni saa nzima, unatoa hoja maneno yasiyopungua 250. Kuongea wanakupa kimaandishi kifupi, unajiandaa nusu saa, halafu unaingia unatetea msimamo wako na wanakubishia kwelikweli. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka ile karatasi ya kuandalia ikakunjamana. Nikapata 71.5. Na cheti hakiishi muda wake, ni cha maisha.

B2 ndo vyuo vingi vya Ufaransa vyenyewe vinaitaka kwa mgeni anayekwenda kusoma kule kwa Kifaransa. Yaani kwa karatasi hii naweza kwenda kusikiliza lekcha zao digrii nzima, ila chuo changu hapa nyumbani hakiniamini kwamba najua kuhesabu mpaka ishirini.

Sa sikilizeni. Prospekitasi ya chuo imeandika wazi kwamba mwanafunzi mwenye ujuzi wa awali anaweza kuomba asamehewe kozi. Nikaenda idarani na cheti, wakanituma udahili. Udahili wakasema ni la mratibu wa kozi. Mratibu akasema ofisi ya taaluma. Dada wa taaluma alikishika cheti changu kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma akakuta hakuna kitu, akakisukuma kunirudishia akasema "hivi vya tuition hatuvipokei". Cha tuition! Nikamwonyesha mhuri, nikamwelezea kinatolewa na nani, akaniambia andika barua. Nikaandika. Wiki sita kimya. Wakati huo semista imeanza na usiposajili kozi ya lazima unajitafutia matatizo, basi nikasajili nikaingia darasani kama wenzangu.

Simdharau mwalimu, anafanya kazi yake na darasa lina watu zaidi ya mia ambao kweli wanaanza. Ila mimi nilikaa pale semista nzima naimba siku za wiki. Nilimfuata nikamwambia mwalimu, naomba nipeni mtihani wenu wa mwisho hata leo, hata msimamizi akae pembeni yangu, nikifeli nitakaa mpaka mwisho na sitasema neno tena. Akasema yeye hana neno ila mfumo haumruhusu kwa sababu maksi 40 ni za kazi za darasani na mahudhurio. Kwa hiyo si suala la kujua, ni suala la kukaa kwenye kiti.

Barua iliyonifikia juzi inasema hivi: cheti hakikutolewa na chuo kikuu kwa hiyo hakuna krediti za kuhamisha. Ila "kwa huruma" wanaweza kunisamehe kozi ya pili, BILA KREDITI. Mnaelewa maana yake? Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360. Nikisamehewa bila krediti napungukiwa 12, natakiwa nitafute kozi nyingine ya kuziba pengo. Huo msamaha ni wa nini sasa?

Na kinachoniuma zaidi ni rafiki yangu. Tulisoma wote kwa yule mzee Katubuka, yeye Mkongo, familia yao ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baadaye wakapelekwa Marekani. Kule akafanya mtihani unaitwa CLEP, wa Kifaransa, kama saa moja na nusu kwenye kompyuta, kusikiliza na kusoma tu, hakuna kuandika insha wala kuongea na mtu. Mapendekezo yao ni kwamba ukipata 50 unastahili krediti 6 na ukipata 59 unastahili 9, kila chuo kinaamua chenyewe kama kinakubali. Chuo chake kilikubali, akapewa 9, mambo yakaisha. Mkimbizi aliyefika juzi wamemwambia lete unachojua tukipime. Mimi mtoto wa hapahapa nimepimwa sehemu nne na Wafaransa wenyewe, nimeambulia sifuri.

Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Burundi iko ndani tangu 2007, kila siku tunaambiwa vijana changamkieni fursa mpakani. Kigoma hii imejaa watoto wanaojua Kifaransa kuliko wanavyojua Kiingereza, wametoka Manyovu mpakani na Burundi, wametoka kambini, na wakifika chuo wote wataambiwa waanze na "bonjour".

Usajili wa semista ya pili unafungwa Ijumaa ijayo. Nataka kukata rufaa na sijui nianzie kwa mkuu wa chuo au niende moja kwa moja TCU, tume ya vyuo vikuu. Kama kuna mtu humu chuo chochote cha Tanzania kilimpa krediti, nasema KREDITI siyo msamaha, kwa cheti cha lugha, iwe DELF au cha Kijerumani au Kichina, naomba aniambie alipitia ofisi gani na barua yake aliiandikaje. Hata PM sawa. Nitaprinti nakala zote Jumatatu asubuhi hapa Mwanga kabla sijapanda basi.