Mabosi, mtoto akirudishwa nyumbani ghafla acheni kudai kamera iwake!

Wakuu,

Hili limepitiliza. Saa 12 na nusu asubuhi ujumbe unaingia kwenye grupu la wazazi: leo watoto wasiletwe, mvua imeharibu njia. Saa 2 kikao cha kazi cha mtandaoni kiko palepale, kamera iwake, na mzazi akieleza anajibiwa "si una dada?" Dada wa kazi naye anaugua, anafiwa, ana siku yake ya mapumziko.

Au ni macho mekundu, kama yale yaliyosumbua Dar Januari 2024. Chekechea hawampokei mpaka yapone, lakini homa hana, nguvu anazo zote, siku nzima anaruka kwenye kochi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua, tena ndani ya mzunguko wa miezi 36! Na hizo nazo kuna HR wanaozifanya siri. Mtoto mzima ambaye shule imefungwa ghafla hata hatajwi.

Kinachoua siku ni ratiba. Mtoto wa miaka 3 akicheza peke yake dakika 15 au 20, shukuru. Baada ya hapo ni maji, ni choo, ni "njoo uone". Sasa bosi anaweka vikao vya nusu saa saa 3, saa 5 na saa 10. Katikati hapo ripoti inaandikwa saa ngapi? Angevibana viwili asubuhi vifuatane na kuacha saa 7 hadi saa 9 mchana wazi, mtoto anapolala, kazi nzito ingeisha. Badala yake muda huohuo wa usingizi ndio wanaupigia simu "ya dakika mbili tu".

Na nyie mnaoshauri "mpe simu aangalie katuni", mmewahi kufikiri intaneti ya laptop inatoka wapi? Kwa wengi inatoka kwenye simu hiyohiyo. Mtoto anabonyeza, anazima hotspot, kikao kinakatika. Asipoizima, video zinakula kifurushi kabla ya mchana. Katuni zipakuliwe usiku, ziwekwe kwenye simu ya zamani isiyo na laini, na programu ya katuni ifungwe kwenye skrini (screen pinning) asiweze kutoka. Tena zisitolewe saa 2 asubuhi. Akishazichoka mapema, kikao cha saa 10 hakina kinga. Zitunzeni kwa kile kikao ambacho lazima mzazi aongee.

Uji apewe nusu saa kabla ya kikao, apelekwe choo, maji yawekwe kwenye kikombe chenye mfuniko pale anapofikia. Vikao vingi vinavurugwa na njaa na kiu, utundu unasingiziwa tu. Chaja ipite nyuma ya meza, kwa sababu waya unaoning'inia atauvuta na laptop itaufuata chini. Birika la umeme lisiwe karibu kabisa. Kama ni macho mekundu, taulo lake liwe peke yake, na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kibodi au uso.

Kwa bosi, tumeni ujumbe kabla ya saa 2 wenye saa kamili: "Napatikana saa 2 hadi 4 kwa sauti bila kamera, saa 7 hadi 9 naandika ripoti, naikabidhi saa 3 usiku." Ukiandika "nitajitahidi" umempa ruhusa ya kukupigia muda wowote.

Tunachodai ni kidogo: kamera iwe hiari siku hiyo, vikao visogezwe, kazi ipimwe kwa kilichokabidhiwa na si kwa taa ndogo ya kijani inayoonyesha uko mtandaoni kwenye programu ya kazi. Mwenye mkataba ulioandikwa kipengele cha namna hii akiweke hapa neno kwa neno, tuwapelekee HR wetu.