Naomba ushauri: nataka kurekodi fundi anavyotengeneza gitaa kwa mkono

Habari wakuu. Nina mjomba mwenye karakana ndogo hapa Morogoro, anatengeneza magitaa ya kawaida yasiyotumia umeme. Shingo anachonga kwa mkangazi, mgongo na mbavu (zile pande za mwili) mninga, na ubao wa vidole, ule unaobonyezea nyuzi, mpingo, ule unaokula tupa mpaka zinaisha makali. Umri umeenda na hana mwanafunzi, kwa hiyo nataka nirekodi kazi yote tangu ubao mbichi hadi nyuzi kufungwa.

Nimeanza kwa simu, nikakwama. Ile hatua tamu kuliko zote, kukunja mbavu kwenye bomba lenye makaa, inapita haraka mno. Analowesha ubao, anaugandamiza, anasikiliza. Ndiyo, anasikiliza! Anasema mbao ikitaka kupasuka inalia kwanza. Kwenye video sauti hiyo haisikiki kabisa, inamezwa na bodaboda za nje. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati itanisaidia, au vumbi la msasa litaiua?

Vipimo navyo shida. Kutoka nati (kipande kinachoshika nyuzi kichwani mwa shingo) hadi daraja (kinachozishika kwenye mwili) anaweka milimita 650, hivyo freti ya 12, kile kichuma cha kwenye ubao wa vidole, inakaa 325 kutoka nati. Hizo nimeandika. Unene wa ubao wa mbele anaupima kwa kugonga na kidole tu. Kitu kama hicho mnakiandikaje?

La mwisho: mpangilio wa vile vijiti vya ndani hataki nipige picha, anasema ndiyo ugali wake. Nimbembeleze, au nimwache mzee na siri yake?